Pikapu za gitaa: namba za omu zinasema nini? Nataka solo inayolia, nimepata sauti ya ndani ya pipa

#1 SoloMbagala
Wakuu habari za jioni. Napiga solo kanisani, na Jumamosi nyingi niko na bendi ya harusi. Gitaa langu ni nakala ya Stratocaster, ya bei ya chini, lina pikapu tatu za koili moja moja. Muda mrefu nililiona limekosa nguvu, hasa pikapu ya nyuma, ile ya upande wa daraja. Nyuzi nyembamba zinapiga kelele bila mwili.

Nikaamua kubadilisha hiyo ya nyuma tu. Muuzaji wa mtandaoni alikuwa nazo nyingi, zote zimeandikwa omu. Nikajisemea omu nyingi ndiyo nguvu nyingi, nikachukua hambaka (pikapu ya koili mbili) nyembamba inayoingia kwenye tundu la koili moja, imeandikwa kilo-omu 14. Ya zamani niliipima kwa mita, ikasoma 6.1.

Nguvu imekuja, sikatai. Lakini solo haikati tena. Tukiingia sebene watu wananiona vidole vinatembea, sauti hawaisikii, kinanda kimenifunika. Trebo nimefungua mpaka mwisho na bado ni kama gitaa limewekwa ndani ya pipa la maji.

Swali langu: hiyo namba ya omu inasema nini hasa? Na mtu anayetaka solo ya dansi achague pikapu kwa kuangalia kitu gani?

#2 MzigoKibaigwa
Nimeingia mbio nikijua kuna mtu anauza pikapu, nina mahindi yanasubiri usafiri. Kumbe magitaa! Nakaa hapa hapa lakini, mdogo wangu anapiga besi, nitamsomea.

#3 FundiKoili
SoloMbagala, umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi mpaka wamenunua pikapu tatu.

Pikapu ni sumaku na waya wa shaba uliozungushwa kuizunguka. Ya Stratocaster ya kawaida ina mizunguko kama 8,000 ya waya wenye unene wa milimita 0.063. Ukiunyoosha waya wote huo unazidi kilomita moja. Kilo-omu 6 unazosoma ni ukinzani wa hicho kilomita cha shaba, basi. Ukichukua waya mwembamba zaidi, wa milimita 0.05, ukazungusha mizunguko ile ile, mita itasoma zaidi ya mara moja na nusu, na nguvu ya pikapu itakuwa karibu ile ile. Ndiyo maana pikapu nyingi zenye namba kubwa zimetengenezwa kwa waya mwembamba. Namba inapanda haraka kuliko sauti.

Omu inasaidia kulinganisha pikapu mbili zilizosukwa kwa waya mmoja na sumaku ya aina moja. Nje ya hapo inakupoteza.

Kinachoamua rangi ya sauti ni induktansi, inapimwa kwa henri. Koili ya Stratocaster ya mtindo wa zamani ina kama henri 2.4. Hambaka ya mtindo wa zamani ina 4 na kitu. Zile kali zinafika 7 au 8. Induktansi ikikutana na kapasitansi ya kebo yako, yaani uwezo wa kebo kushika chaji, panatokea kilele: masafa fulani yanainuka, na yote yaliyo juu ya hapo yanaporomoka. Kilele kikikaa kilohezi 4 na kitu, unasikia kioo. Kikishuka mpaka 2 na kitu, unasikia pipa. Hiyo yako ya 14, kwa jinsi ninavyozijua hizi nyembamba zenye vyuma viwili vya bapa, kilele kimeshuka.

#4 MzigoKibaigwa
Fundi, huyo henri ni nani?

#5 FundiKoili
Ni kipimo, ndugu yangu, kama lita kwa maji. Mita ya kawaida haikisomi, unahitaji ile ya kupima koili na kapasita. Muuzaji mzuri anaandika henri. Muuzaji anayeandika omu tu, muulize.

#6 MzeeWaRidhimu
Kijana wangu wa Mbagala, shikamoo nimeipokea kabla hujaitoa. Nimepiga ridhimu kwenye bendi za dansi zaidi ya miaka 20. Gitaa lilikuwa mali ya bendi, hukulichagua. Leo unapewa hili, kesho lina uzi mmoja umekatika unapewa lile. Hakuna aliyejua pikapu ina omu ngapi.

Tulipokwenda kurekodi Radio Tanzania, bendi nzima ilipiga pamoja. Mmoja akikosea wote mnarudia. Mbona solo ilisikika? Ilisikika kwa sababu ridhimu alikaa chini, sekondi solo akakaa katikati, na mpiga solo akaachiwa juu peke yake. Hakuna aliyeingia kwenye njia ya mwenzake.

Wewe unasema kinanda kinakufunika. Mpiga kinanda wako anapiga mkono wa kulia wapi? Kama yuko juu kule kule unakopiga solo, hata ukifunga pikapu ya dhahabu utafunikwa. Mwambie ashuke au anyamaze sebene ikiingia. Hilo halihitaji fundi.

#7 NyuziZaKisumu
Mzee amesema kweli, ila si yote. Mimi napiga benga, na benga bila trebo haichezeki. Nilikuwa na gitaa la hambaka mbili, nikaambiwa ni gitaa la maana, bei juu. Kwenye benga lilikuwa kama mtu anaimba na blanketi mdomoni. Nikarudi koili moja, pikapu ya nyuma, trebo wazi, wenzangu wakaniuliza nimenunua gitaa lipi jipya. Ni lile la zamani. Huo muziki D.O. Misiani na sisi Wakenya tulioujenga tunaujua, haukubali sauti nzito.

#8 Dada_Besi
NyuziZaKisumu, nakubaliana na trebo. Ila Misiani alizaliwa upande wa Shirati, mkoa wa Mara, ndiyo maana bendi ikaitwa Shirati Jazz. Alikuja kwenu akawa mkubwa huko. Tugawane basi.

#9 NyuziZaKisumu
Nimekubali dada. Ziwa ni moja.

#10 MtuWaMitambo
Mimi nakaa nyuma ya mikisa, nasikia gitaa za watu kila wiki. SoloMbagala, kanisani unachomeka wapi? Kwenye ampu au moja kwa moja kwenye mikisa?

#11 SoloMbagala
Kanisani moja kwa moja kwenye mikisa mkuu, kebo ya mita 10 kwa sababu nakaa mbali. Harusini nachomeka kwenye ampu, kebo hiyo hiyo.

#12 MtuWaMitambo
Umepata jibu la nusu ya tatizo. Pikapu ya kawaida inataka kuchomekwa mahali penye ukinzani mkubwa, ampu ya gitaa ina kama megaomu 1. Tundu la laini la mikisa lina kilo-omu 10 au 20 tu. Ni kama kumtundika mtoto gunia la mchele halafu umwambie akimbie. Kile kilele anachokieleza FundiKoili kinalala chini, trebo inakufa kabla haijafika kwangu, na hata nikiipandisha kwenye mikisa napandisha mchakacho tu.

Tafuta kisanduku cha DI, kile cha kuunganisha gitaa na mikisa, chenye umeme ndani yake, au pita kwanza kwenye pedali yoyote yenye bafa, yaani saketi ndogo inayoipokea pikapu bila kuielemea. Hata pedali ya kutyuni, baadhi zinafanya kazi hiyo. Mikisa nyingine zina kitufe cha gitaa chenye alama ya Hi-Z, angalia yenu.

Nimeona watu wakibadili gitaa zima kwa tatizo hili.

#13 SoloMbagala
Asante sana mkuu, hilo sikulijua. Lakini harusini natumia ampu na pipa liko pale pale. Na pikapu ya zamani ilipita mikisa hiyo hiyo, haikuwa hivi.

#14 FundiKoili
Ndiyo maana nilitaja kebo. Kebo ya kawaida ina karibu pikofaradi 100 kila mita. Nimekaa na karatasi nikapiga hesabu kwa koili ya henri 2.4:

kebo ya mita 3, kilele kama kilohezi 5;
kebo ya mita 5, kama 4.3;
kebo ya mita 10, kama 3.1.

Sasa chukua hambaka ya henri 4.4 na kebo ya mita 5: kilele ni kama 3.1. Yaani Stratocaster kwenye kebo ya mita 10 kilele chake kinaangukia pale pale pa hambaka kwenye kebo ya mita 5. Wewe ukachukua pikapu yenye henri nyingi ukaiwekea kebo ndefu. Umeshusha mara mbili.

Na poti, zile za vitufe vya sauti na trebo. Gitaa lako bila shaka lina poti za kilo-omu 250, ni za koili moja. Hambaka huwekewa 500. Poti ndogo inabana kilele. Umeshusha mara tatu.

#15 Ngurumo84
Haya mahesabu ya nini yote? Nunua pikapu za aktivu, EMG, betri ya volti 9 ndani, kebo iwe mita 20 ukitaka. Ndani yake kuna amplifaya ndogo kwa hiyo kebo haina habari nazo. Kelele ya umeme hakuna. Mimi napiga roki miaka 11, sijawahi kulalamika.

#16 NyuziZaKisumu
Ngurumo, kwa roki sawa. Nimewahi kupiga benga kwenye hizo. Sauti safi kabisa, lakini nikigusa kwa nguvu au taratibu zinatoka karibu sawa. Solo yetu inaishi kwenye mguso.

#17 Ngurumo84
Hiyo ni kwa sababu ulipiga gitaa la mtu, hukushusha pikapu. Aktivu zikikaa karibu sana na nyuzi zinajaa. Shusha, utaona mguso unarudi. Na hambaka si kitu kipya cha kuogopa, Les Paul aliigundua 1959 na watu wamepiga nayo kila aina ya muziki.

#18 FundiKoili
Hapo turekebishe, kwa heshima. Hambaka ya Gibson ni kazi ya Seth Lover, mhandisi wao. Ombi la hataza lilipelekwa 1955, pikapu zikaanza kuonekana kwenye magitaa 1957, hataza ikatoka 1959. Miaka hiyo zilibandikwa kikaratasi kwamba hataza imeombwa, kwa Kiingereza Patent Applied For, ndiyo zile watu wanaziita PAF na wanaziuza kwa bei ya kiwanja. Les Paul ni mpiga gitaa ambaye jina lake lilipewa gitaa.

Ninachozipendea hizo PAF kama somo: mashine za kuzungushia hazikuwa makini, kwa hiyo moja inasoma 7.5 na nyingine inapita 8, na sumaku walichanganya aina. Hazilingani. Mtu akikwambia anauza sauti ya PAF, muulize ya ipi.

#19 BahariKisauni
Salamu wana nyuzi. Mimi nilipiga mahotelini Mombasa miaka mingi, na naona mmeruka jambo linaloanza kwa bisibisi: urefu wa pikapu.

Bwana SoloMbagala, ulipofunga hiyo mpya uliipandisha karibu na nyuzi sivyo? Kila mtu hufanya hivyo, anataka aisikie aliyoinunua. Pikapu ikiwa karibu mno sauti inajaa katikati, inakuwa nene, inapoteza pumzi. Ishushe. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, anza na nafasi ya milimita 2 na nusu upande wa besi, 2 upande wa nyuzi nyembamba, halafu sikiliza ukienda robo mzunguko wa skrubu.

Na zile mbili za mbele nazo shusha. Sumaku iliyo karibu inauvuta uzi usitikisike sawasawa. Piga uzi wa sita juu ya freti ya 12, ukisikia kama sauti mbili zinagombana, hiyo ni sumaku. Watu wanapeleka gitaa kwa fundi eti halikai kwenye tyuni, kumbe pikapu.

#20 FundiKoili
BahariKisauni, nakazia. Niongeze tu kwamba uvutaji huo ni mkubwa kwenye pikapu ambazo zile nguzo sita za chini ya nyuzi zenyewe ni sumaku za alniko (mchanganyiko wa metali). Kwenye magitaa ya bei ya chini, mara nyingi nguzo ni chuma tu, na chini yake kuna vipande vya sumaku ya seramiki vimegundishwa. SoloMbagala, geuza ile pikapu yako ya zamani uangalie chini. Ukiona vipande viwili vya kijivu kama biskuti, ni seramiki. Hizo hazivuti uzi kwa nguvu hiyo, ila vile vyuma vinaongeza induktansi, sauti inakuwa ya kukoroma kidogo ukilinganisha na alniko.

#21 BahariKisauni
Vipimo vyako sivipingi. Mimi ninachojua, nikishusha, sauti inafunguka, sumaku iwe ya biskuti au ya nguzo.

Na kitu kingine cha pwani. Hewa ya chumvi inakula waya. Nilikuwa na pikapu ya shingoni iliyokuwa ikififia mwaka mzima, siku moja ikanyamaza. Mita haikusoma chochote. Kufungua, waya una kijani pale unapoungana na ule wa kutokea nje. Kwa hiyo anayenunua pikapu kuukuu hapa kwetu, omu zina kazi hiyo moja ya maana: zinakwambia kama iko hai.

#22 FundiKoili
Kweli tupu. Na msiwashike wauzaji uchawi kwa tofauti ndogo. Shaba ikipata joto ukinzani unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Pikapu iliyopimwa 6.0 kwenye chumba cha nyuzi 20, ukiipima Dar mchana wa nyuzi 32 inasoma karibu 6.3. Ni ile ile.

#23 NtaYaTabora
Nami nitoe langu ili mwingine asirudie. Pikapu yangu ilikuwa inapiga mluzi kila nikipandisha ampu. Nikasoma kwamba waya ndani umelegea, dawa ni kuichovya kwenye nta: sehemu 8 za parafini ya mishumaa, sehemu 2 za nta ya nyuki. Nta ya nyuki kwetu haina shida. Nikayeyusha sufuriani, moja kwa moja juu ya moto wa mkaa. Plastiki ya pikapu ikapinda kama kaki iliyoachwa juani, ikanikatia na waya.

Nta inatakiwa iwe nyuzi 65 hivi, na sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria ya maji, siyo juu ya moto, maana parafini ikizidi joto inawaka. Pikapu ya pili nilifanya hivyo, robo saa mpaka mapovu yakaisha. Mluzi umekwisha kabisa. Sauti naisikia imetulia kidogo, siyo kwa ubaya.

#24 MningaTupu
Mbona hakuna anayetaja mbao? Nimechonga gitaa la mninga mwenyewe, pikapu nikahamisha kutoka gitaa la kichina. Pikapu zile zile, sauti tofauti kabisa. Mpingo unakwenda kutengenezewa klarineti Ulaya kwa sababu ya sauti, halafu mnasema ni waya tu?

#25 MtuWaMitambo
MningaTupu, hongera kwa kuchonga. Lakini ulipohamisha pikapu ulihamisha na poti? Na urefu wake kutoka kwenye nyuzi ulibaki ule ule? Na nyuzi ulifunga mpya?

#26 MningaTupu
Nyuzi mpya, ndiyo. Poti mpya. Urefu sikupima. Lakini mninga unausikia kifuani ukilipiga bila umeme, na hilo hamtaniondolea.

#27 Dada_Besi
Niwape kisa chetu. Bendini tulibishana kama nyinyi. Tukamwomba kijana wa studio arekodi mistari ile ile kwa pikapu tatu, mpigaji mmoja, kebo moja, tukasikiliza bila kuambiwa ipi ni ipi. Mara ya kwanza karibu wote tulichagua namba 2. Kijana akaangalia, akasema namba 2 ina sauti kubwa kuliko nyingine. Akasawazisha zote tatu. Kura zikatawanyika. Halafu akatupigia rekodi moja mara mbili bila kutuambia, na wawili kati yetu wakaipenda mara ya kwanza, wakaikataa mara ya pili. Mmoja wao ni mimi.

Kwa hiyo anayelinganisha pikapu, kwanza asawazishe ukubwa wa sauti. Na alinganishe bendi nzima ikiwa inapiga. Pikapu niliyoipenda nikiwa chumbani peke yangu ndiyo iliyopotea kabisa ngoma zilipoingia.

#28 MzeeWaRidhimu
Binti, hiyo ndiyo elimu. Sauti mbaya chumbani inaweza kuwa sauti nzuri jukwaani. Solo nyingi tulizozipenda, ukiziondoa kwenye bendi ni kama waya wa uzio.

#29 FundiKoili
SoloMbagala, kabla hujatoa hela nyingine. Hambaka yako imetoa nyaya ngapi? Kama ni nne na ule mtupu wa kinga, una bahati. Sasa hivi koili mbili zimeungwa kwa mfululizo. Ziunge sambamba. Induktansi inashuka mpaka karibu robo, trebo inarudi, na bado kelele ya umeme inafutika kwa sababu koili zote mbili zinafanya kazi. Utapoteza nguvu, utapata kioo. Mita ya omu itasoma 3.5 badala ya 14. Ukisikia hiyo 3.5 inavyokata, utaacha kuziamini namba za dukani.

#30 Ngurumo84
Hilo la sambamba ni zuri, hata mimi nimelifanya kwenye gitaa la pili. Nakubali.

#31 MtuWaMitambo
Wakati gitaa limefunguliwa angalia waya wa athi umeunganishwa kwenye daraja. Na muhimu kuliko sauti yote: tundu la umeme la kanisani lina athi kweli? Mpiga gitaa mmoja niliyefanya naye kazi aliweka mdomo kwenye maiki huku ameshika nyuzi, akarushwa. Ampu ilikuwa kwenye tundu lisilo na athi, mikisa kwenye jingine. Aliamka mzima, namshukuru Mungu, ila aliungua mdomo. Mvumo usioisha hata pikapu ikiwa hambaka ni dalili ya kumwita fundi umeme. Kamwe msikate mguu wa athi wa plagi ili mvumo uishe.

#32 SoloMbagala
Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili, poleni kwa kimya. Nyaya zilikuwa nne. Fundi redio wa hapa mtaani kaniungia sambamba, mita imesoma 3.6. Nimeshusha pikapu zote tatu kama alivyosema BahariKisauni. Kebo nimenunua ya mita 5. Kanisani tumepata DI. Na nimezungumza na mpiga kinanda, sebene ikiingia anabaki na mkono wa kushoto.

Jumapili solo imelia. Mama mmoja wa kwaya amenifuata kuniuliza kama nimebadilisha gitaa. Asanteni sana, kila mmoja.

#33 MzeeWaRidhimu
Nilisema ni kinanda.

#34 FundiKoili
Mzee, heshima yako, lakini pikapu iliyoshuka kutoka mfululizo hadi sambamba ingesikika hata kinanda kikiwa kimeachwa stoo.

#35 BahariKisauni
Na mimi nauliza, ulizishusha kabla ya kulehemu au baada?

#36 SoloMbagala
Siku moja yote. Nililifungua mara moja tu nikafanya kila kitu.

#37 MtuWaMitambo
Basi hatujui nani kakuponya. DI peke yake kanisani ni mabadiliko makubwa. Harusini hali ikoje, kule kwenye ampu?

#38 SoloMbagala
Harusini ni nzuri pia ila siyo kwa kiasi cha kanisani. Nguvu imepungua, naongeza ampu kidogo. Jumamosi hii nitarudisha kebo ya mita 10 peke yake, mengine niyaache. Wiki inayofuata nitapandisha pikapu ilivyokuwa. Nitarekodi kwa simu iliyokaa mahali pamoja na kuleta hapa.

Ile ya zamani nimeigeuza, FundiKoili. Biskuti mbili za kijivu, ulivyosema. Ningependa kujaribu kuisuka upya, hivi waya unapatikana?

#39 FundiKoili
Kwa mafundi wa mota hutaupata, wa kwao ni mnene mno. Mimi niliagiza nje, kilo moja inatosha pikapu nyingi. Nazungushia kwenye cherehani ya zamani, nimefunga koili kwenye gurudumu la pembeni. Kuhesabu mizunguko natumia kikokotoo cha kawaida: nimetoa nyaya mbili kwenye kitufe cha "sawa na", nikaziunga na swichi ndogo ya sumaku, na kwenye gurudumu nikabandika kipande cha sumaku. Unaandika 1 jumlisha 1, kila gurudumu likizunguka kikokotoo kinaongeza moja. Vidole vishike waya kwa wepesi sana. Ya kwanza ilinikatikia kwenye mzunguko wa 5,000 na kitu nikaanza upya usiku ule ule. Ila kwa hiyo ya biskuti usianze na waya, tafuta kwanza fremu yenye nguzo za alniko, vinginevyo utasuka upya sauti ile ile.

#40 NtaYaTabora
Ukiisuka, nta nitakutumia mimi. Maji ya moto, usisahau.

#41 MzigoKibaigwa
Mahindi yalipata usafiri, nashukuru. Mdogo wangu anauliza: besi yake ina pikapu mbili. Moja moja zinalia vizuri, akifungua zote pamoja sauti inakimbia. Ni omu hizo hizo?

#42 FundiKoili
Inapungua kidogo katikati, au inakuwa nyembamba kama ya kwenye simu?

#43 MzigoKibaigwa
Nimempigia. Anasema kama ya kwenye simu.

#44 FundiKoili
Pikapu moja imeungwa kinyume, zinafutana. Ageuze nyaya mbili za pikapu moja tu, ya pili asiiguse.